Doa

Mimi ndiye wa deki.
Ubao ukiwaka majina ya wachezaji, langu halimo.
Limo kwenye daftari la Bwana Kiprotich wa usafi:
Mumbua, zamu ya jioni, ndoo namba tatu,
shilingi mia nane na soda.

Julai, Kasarani. Nje manyunyu yanauma masikio,
ndani wanawake kumi wanachemka.
Mpira huu wa ukumbini ni mdogo, mzito, hautaki kuruka;
unavutwa kwa soli kama mtoto asiyetaka shule.
Anayeanguka huacha maji sakafuni.
Refa akininyoshea kidole, nakimbia,
napinda mgongo, nafuta, natoka
kabla watu hawajajua nilikuwemo.

Siku sita nimefuta jasho la mataifa.
La Angola. La Moroko. La Namibia.
Siku ya kwanza nililinusa deki, nikidhani kuna tofauti.
Chumvi tu, na dawa ya kuchua misuli.

Leo nusu fainali, sisi na Madagaska,
Bukini, walivyoiita watu wa kale.
Awino alifunga kwa kisigino, dakika ya tatu,
ukumbi ukalia kama mabati chini ya mvua ya mawe.
Wakarudisha. Nabwile akaongeza. Wakarudisha.
Mbili kwa mbili, sekunde arubaini,
faulo zetu tano tayari,
na Nabwile akavuta jezi ya mtu.
Ya sita.
Basi hakuna ukuta. Mpira mita kumi,
mpigaji, na Kemunto langoni peke yake.

Hapo nikaliona.
Doa, upana wa kisahani cha chai,
pale pale mguu wa kuegemea utakapotua.
Jasho la Nabwile mwenyewe, alipoanguka.
Refa hakuliona. Wala yule wa jezi nane,
Voahangy (nililisoma mgongoni herufi kwa herufi,
kama bili ya stima),
macho yake yalikuwa kwenye kona ya juu.

Nitasema kweli, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.
Nililiona nikalinyamazia.
Moja. Mbili.
Nikawaza mguu ukiteleza, mpira ukipaa hadi viti vya juu,
Githurai usiku kucha vuvuzela,
na Ndinda wangu, aliyejichora bendera shavuni
kwa rangi ya kucha, akinirukia mlangoni.
Halafu nikawaza goti.
Nalijua goti. Langu liligeuka hivyo
kwenye bwalo la shule, Machakos, juu ya uji uliomwagika,
mwaka ule wa kuchaguliwa timu ya mkoa.
Kuna mtu aliuona uji ule kabla yangu.
Bado sijui ni nani.

Nikanyanyua mkono. Sikungoja kidole.
Ukumbi mzima kimya, viatu vyangu vya plastiki
vikilia kwi, kwi, kwi hadi katikati.
"Mama, unamfutia nani?"
Nikafuta. Nikageuza deki upande mkavu,
nikafuta tena.
Voahangy alinitazama viatu, kisha uso.
Hakusema asante. Ningekuwa yeye nisingesema pia,
alikuwa na kazi.

Mguu ukakanyaga pakavu.
Kemunto aliruka upande uliokuwa sawa.
Mpira ulikuwa umeshapita.

Sasa taa za juu zimezimwa.
Bwana Kiprotich hajaniongelesha.
Ndinda ametuma ujumbe: mama ni wewe nimeona kwa TV?
Sijamjibu.
Kemunto bado amekaa langoni, tepu za vidole
zimening'inia, na chini ya kidevu chake
sakafu inalowa, tone, tone.
Nimesimama na ndoo namba tatu.
Sina haraka.
Akimaliza, nitafuta.