Mia Nne Kumi na Tatu

Zamani Urve aliziandika kwa mkono,
kila Ijumaa, kabla ya kuvaa koti:
nne nukta mbili nukta saba.
Alisahau mara moja tu.
Zikatoka Tartu programu mbili, jina moja,
pacha wa tabia mbalimbali,
na mizani ya maziwa kule Põlva
ikapima kilo zisizokuwepo.
Ipi iliyokosea? Jina halikusema.

Sasa mashine hujihesabia.
Msimbo ukiingia, namba hupanda,
hata programu ikifia njiani.

Baada ya 412 ikaja 414.
Mteja akauliza: ya katikati mmeila?

Urve akafungua daftari lake la zamani,
akachonga penseli:
413. Theluji. Umeme ulikatika saa tisa usiku.
Haikuzaliwa, ila jina ilishapewa.