Dede

Kazi yangu, ukiniuliza, ni kuwakwaza watu.
Nalipwa kwa hilo. Ghorofa ya chini, Dundee,
chumba kisicho na dirisha, nyuma ya stoo ya viti vibovu,
nimeunda njia isiyokwenda popote:
mikanda miwili sambamba, mmoja wa mguu wa kulia,
mmoja wa kushoto, kila mmoja na mota yake na ukaidi wake.

Miezi saba tulihangaika na kitu kidogo.
Fremu ilitetemeka. Mtu akikanyaga,
chuma kilijibu kwa sauti yake,
na kwenye kompyuta hatukujua lipi ni neno la mguu
na lipi ni mashine kujisemea.
Ruaridh, fundi, alilala chali chini yake na spana,
akakaza bolti, akalegeza, akatukana kwa Kiskoti.
Mwisho tukamwaga zege.
Pengo kati ya mikanda tukalibana
hata kadi ya benki ipite kwa kusukumwa.
Unyayo wa mtoto, alisema, usipate pa kunasia.
Hatupimi watoto. Tulibana hivyo hivyo.

Jumanne akaja Bi Effie Geddes, miaka themanini na mmoja,
aliyegawa barua kwenye vilima vya mji huu tangu usichana,
raba mpya kazibeba kwenye mfuko wa plastiki.
Nikamfunga kifuani, nikamfunga mapajani,
kamba ikapanda hadi kwenye boriti ya dari.
Fomu yaiita kifaa cha usalama. Mimi, moyoni, mbeleko.
"Nitaanguka?"
"Hutaanguka."
"Basi nimekuja kufanya nini?"

Akatembea. Kisigino, kidole, kisigino.
Hatua ya arobaini na kitu
(namba sikumwambia; ukimwambia mtu,
mwili hujiandaa, nao ukijiandaa hudanganya)
mkanda wa kushoto ukachomoka kurudi nyuma,
muda mfupi kuliko kupepesa jicho.
Mikono ikaruka. Goti likauliza, nyonga ikajibu.
Kamba ikabaki legelege, haikuitwa.
Na yeye, huku mistari ya rangi ikipandana kwenye kioo,
alikuwa kasimama dede,
kama mtu wa miezi kumi aliyeachia kiti mara ya kwanza
na bado hajaamua, acheke au alie.

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka.
Hawakusema ni nini, basi, pale katikati.
Mama mdogo aliteleza mlangoni mwa bafu, Korogwe.
Kwenye simu wakaniambia, "Kateleza tu."
Alilala miezi mitatu. Hakuinuka.
Ile "tu" ndiyo ninayoipima.

Mara ya sita, mikono ya Bi Effie haikuruka tena.
Mwili ulikwisha kuisoma barua kabla ya mwenyewe kuifungua.
"Ongeza," akasema.
Fomu hairuhusu. Ruaridh akanitazama. Sikuongeza.

Saa kumi jioni, giza, barafu imeganda barabarani.
Alikataa mkono wangu. Nikabaki mlangoni
nahesabu, kazi imeniharibu: kisigino, kidole, kisigino.
Pale ukingoni mguu wa kushoto ukamponyoka,
ukarudi.
Hakugeuka. Nadhani hata hakujua;
alikuwa akiitafuta kadi yake ya basi
kwenye mfuko ule ule wa raba.