Kiini

Ukumbi wa halmashauri, Kigoma. Nchi nne mezani,
Mkorea mmoja, na bibi wa Vienna mwenye kikohozi.
Mimi Ntahondi, mkalimani, nimepewa maji na kipaza sauti.

"Nyuklia," akasema bibi. Nikasema: kiini.
Mrundi akaandika. Mkongo akainua mkono:
kiini kama cha yai?
Kama cha yai, nikajibu,
ila yai hili ukilivunja Uvira
Mpulungu nao watadeki sakafu.
Hayo bibi hakuyasema. Niliyaongeza mimi.
Hakuna aliyenisahihisha.

Ibara ya saba: mabaki atayalinda nani,
kwa muda gani. Bibi akataja miaka.
Nikanyamaza.
Kwetu Heru Juu naweza kuwataja babu saba;
wa nane hana jina,
na hapo sijamaliza hata miaka mia tatu.
"Elfu kumi," nikasema mwishowe,
sauti ikatoka ndogo.

Ndipo umeme ukakatika.
Nje jenereta likakohoa kama bibi, likagoma.
Nikaendelea kutafsiri gizani,
nikisikia kalamu za nchi nne
zikikwaruza karatasi bila kuuona mstari.

Asubuhi tulizisoma.
Maneno yalikuwa yamepandana.