Kibanio Namba Sabini na Tatu

Waniuliza, Mwantumu, ushike masafa gani.
Swali dogo. Ningelijibu kwa pumzi moja:
chukua hiyo ya gigahezi mbili nukta nne,
yajitafutia njia yenyewe, ikikuta pana mtu
yahamia pengine, kama mgeni mwenye adabu
aliyeona viatu mlangoni.

Lakini kaa. Sogeza hiyo soda.

Zamani zetu masafa yalikuwa kitu cha kushika.
Kijipande cha kristali, kidogo kama punje ya kunde:
kimoja unachomeka kwenye rimoti, pacha wake kwenye ndege,
navyo viwili vinajuana.
Yangu yalikuwa thelathini na tano nukta moja tatu,
chaneli sabini na tatu.
Nilinunua kwa Hasmukh, Barabara ya Nane,
kwa kuwa yalikuwa yamebaki hayo tu.
Hivyo ndivyo nilivyochagua. Usicheke.

Semboja naye alikuwa na hayo hayo.

Tulirushia Pongwe, uwanja wa kuanikia katani,
kiwanda kimeshakufa, nyaya za kuanikia zimeibwa.
Ndege tulichonga kwa mlingoti wa mkonge,
ule unaochomoza mara moja tu, mmea ukikaribia kufa;
ukikauka ni mwepesi kama bofulo la juzi.
Palikuwa na ubao, na ubaoni vibanio vya nguo,
kila kimoja kimeandikwa namba
kwa rangi ya kucha ya mke wa Kilua.
Sheria moja: huna kibanio, huwashi.
Ukikishika, anga ya namba ile ni yako
mpaka ukirudishe.

Jumapili ile kibanio chetu kilikuwa kwenye kola ya Semboja.
Nilikiona.
Nataka ujue kwamba nilikiona.
Nilikuwa nyuma ya pikapu ya Kilua, sevo ya mkia inanisumbua,
nikasema moyoni: sekunde mbili tu, nijaribu.
Nikabonyeza.

Sikusikia kitu. Huo ndio ubaya wa masafa,
hayana mlango wa kubisha hodi.
Kule juu ndege yake ya njano ikasita
kama mtoto aliyeitwa na baba huku na mama kule,
halafu ikalala ubavu,
ikazama kwenye mkonge, mwiba hadi mwiba.

Nikazima. Nikaja mbio pamoja na wenzangu.
"Upepo," nikasema. Mimi ndiye niliyelitoa neno hilo,
wala hakuna aliyeniuliza.
Semboja akatazama mawingu, akaamini.
Mchana kutwa akaokota vipande, mikono yavuja damu,
jioni akainua bawa moja, akatania:
"Tanga hii! Waja leo, waondoka leo."
Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Mwaka uliofuata akahamia Mwanza, kazi ya reli.
Kibanio akanikabidhi mimi.
"Sasa ni yako peke yako," akasema,
na akanibana nacho sikio, mjinga yule.
Miaka kumi na moja nimerusha juu ya sabini na tatu,
hapana mtu wa kunigombea,
na kila nikitaka kuwasha
dole gumba husimama kwanza.

Basi chukua hiyo mpya. Nzuri, haina ugomvi.
Ila ukifika uwanjani, kabla ya kubonyeza, geuka.
Tazama mikono ya watu, si ndege zao.
Uliza kwa sauti, hata kama mashine yajua:
nani yuko hewani?
Wakikucheka, waache.

Na hiki, kibane utakapo, kwenye pazia, kwenye kamba ya nguo.
Rangi ya kucha imebaki hapa tu, kwenye ile tatu.

Namba ya simu ya Semboja ninayo.
Huipiga. Huita vizuri tu, mara tatu, mara nne.
Hukata kabla hajapokea.