Wiki ya Tisa Bila Kidonge

Saa nane usiku, Nachingwea.
Bibo limeanguka juu ya bati,
likabingirika, likanyamaza.
Nangoja la pili
kama mtu anayedai.

Vidonge niliviacha kwa mwongozo wa daktari wa Ndanda:
nusu, robo,
mwisho unga tu kwenye ncha ya ulimi.
"Usingizi utarudi," alisema.
Hakusema kwa basi gani.

Somoe amelala upande wa ukutani,
anakoroma kidogo, haki yake.
Namwonea wivu, halafu naona haya,
halafu namfunika mguu.

Kesho kuna mizani.
Jana gunia la themanini na mbili
nililiandika ishirini na nane.
Mzee Nampota, mwenye korosho zake,
aliweka kidole juu ya tarakimu
akakiacha hapo mpaka nilipoona.
Hakuniambia kitu.

Kichwa hiki ni ghala baada ya mnada:
pana, salfa bado inawasha pua,
na mtu mmoja anafagia,
anasahau alikoanzia,
anaanza tena mlangoni.

Siombi usiku mzima.
Nikatie kipande tu,
hata kile cha pembeni, kilichoungua.

La pili limeanguka, nadhani.
Sikulisikia likinyamaza.