Saini ya Asaa

Wete, saa mbili na robo. Umeme umerudi
baada ya siku mbili, na wachumaji wa Mtambwe
wamejipanga ukutani na magunia yao.
Nafungua faili la malipo ya karafuu.
Utepe mwekundu: makro zimezuiwa.
Saini si halali.

Si halali! Saini ya Asaa?
Mtu aliyekuwa hatii jina lake kwenye karatasi
mpaka aisome mbele na nyuma,
na upande mtupu pia augeuze,
ati huenda kuna neno limejificha.

Kijana wa mizani ananishauri:
"Bi Riziki, bonyeza tu *ruhusu*, twende."
Nimruhusu nani? Mwenzetu wa Konde
aliruhusu faili la mgeni, na mpaka leo
mashine yake inatema herufi na mabano, herufi na mabano.
Mlango wa fedha za watu haufunguliwi kwa "tu".

Nikapiga simu Unguja. Fundi akasema zima, washa.
Nikazima, nikawasha.
Akasema futa cheti, kiweke upya kwenye fungu la wanaoaminika.
Nikakiweka. Kikakaa kama mgeni rasmi
aliyefika ukumbini viti havijapangwa.
"Basi aliyetia saini atie tena."
Nikanyamaza.
"Haloo? Bibie? Mpe simu mwenyewe."
Mwenyewe tumemzika Jadida, mwaka wa tatu huu,
na neno la siri la ufunguo wake kaenda nalo.

Nje, Bi Mkasha anahesabu kwa vidole:
kilo arobaini na mbili, toa deni la majamvi.
Jibu analo kabla ya mashine,
ila hazina haimlipi mtu kwa vidole.

Nikakifungua cheti chenyewe, nikakisoma
kama Asaa angalikisoma, mstari kwa mstari.
Kinaanza: Machi, elfu mbili na kumi na tisa.
Kinakwisha: miaka mitatu baadaye.
Nikasema, ndipo penye maradhi, kimekwisha.
Lakini mashine haikusema kimekwisha.
Ilisema hakijaanza.

Hakijaanza?
Nikatupa jicho chini, pembeni kulia,
pale tunapopatazama kila siku tusipaone.
Mosi Januari, elfu mbili na kumi na tano.

Kibetri! Kile cha duara, kama sarafu, tumboni mwa mashine,
kimekufa kimya umeme ulipokatika,
nayo imeamka ikidhani ni zamani.
Mwaka ambao Asaa yupo chumba cha pili,
kavua viatu, anakoroga chai kwa kalamu,
ananigombeza kwa sauti ya chini
nisiandike neno la siri kwenye kalenda.

Sisemi uongo: nilikaa kidogo mwaka ule.
Watu wamejipanga, jua linapanda,
nimeshika kipanya na sikisogezi.

Kisha nikakisogeza. Mshale juu, mwaka kwa mwaka,
kumi na tisa, ishirini, ule wa barakoa,
ule wa hitima.
Nikafungua faili, nikingoja liseme kimekwisha.
Likafunguka.

Saini yake ilikuwa na mhuri wa saa,
shahidi kwamba cheti kilikuwa hai mkono ulipopita.
Cheti hufa; kilichosainiwa kingali hai hubaki.
Aliwahi kunieleza, nikaitikia ndiyo, ndiyo,
huku nawaza samaki wa mchana.

"Mkasha Khatib Faki!"
Akaja, akaitazama karatasi, akavitazama vidole.
"Imepungua mia tano."
Nikahesabu kwa mkono. Kweli.
Makro ya Asaa inakata mamia, miaka yote hii,
na nikiigusa herufi moja tu
saini yake inavunjika.

Nikafungua mkoba wangu,
nikampa mia tano.
Nyuma yake walikuwa watu thelathini na mmoja.