Mkate Guni

Mapishi ya mama yalikuwa mstari mmoja:
unga vikombe vitatu, maji utaona mwenyewe.
Kikombe gani, hakusema. Kilikuwa kimoja tu,
cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi mdomoni,
na baada ya arobaini Mbeleje akaondoka nacho Manyoni.

Mimi huku Nkuhungu nikapima kwa bilauri,
kwa kopo la maziwa, kwa kikombe cha wageni.
Julai, upepo unakausha hata unga uliofungwa.
Mkate ukatoka tofali, wiki iliyofuata uji.
Mume wangu, mwalimu wa Kiswahili, akautafuna:
"Huu guni," akasema. "Hauna mizani."

Haya, mizani nikaishusha kabatini,
ile ya betri tuliyopimia zabibu Hombolo,
sahani yake ina doa la zambarau hadi leo.
Nikampigia Mbeleje: nenda kwa muuza dawa za mifugo,
kijaze kama mama, unitajie gramu.

Mia na themanini na moja.
Ngoja. Mia na tisini na nne.
Jaza tena. Mia na sabini na sita.
"Dada, si alikuwa anakigonga kwa kidole gumba?
Mara mbili? Au siku za hasira mara tatu?"

Hatukumbuki.

Nimeandika ukutani kwa mkaa: mia themanini na nne.
Kila Jumamosi mkate unaumuka, haunisaliti.
Nami kabla ya kufunika bakuli
naongeza konzi moja nisiyoipima.

Kikombe kiko Manyoni. Mbeleje anapimia mchele.